USSD, aplikesheni, tovuti au roboti: mradi wako wa jioni uwafikie watu kwa njia ipi?

Mwaka juzi mwezi wa Juni, Mbeya ikiwa ndani ya baridi yake, mama mdogo alinijia nyumbani na daftari la kikoba chao cha Uyole. "Mwanangu, si wewe ndiye unayeandika programu? Tuandikie na sisi. Kila Jumamosi tunamaliza kikao tumenuniana kwa ajili ya hisa." Nilikubali palepale. Sikujiuliza kitu hicho kitafunguliwa vipi: kwa bando, kwa menyu ya nyota na reli (ndiyo USSD), au kwa WhatsApp ambayo tayari inalia mfukoni kutwa nzima.

Tangu hapo hesabu zile zile nimeziandika kwa njia nne, jioni baada ya kazi na Jumapili mchana, kwa sababu kila njia ilimwacha mtu fulani nje, na aliyeachwa alikuwa mtu ninayemjua kwa sura. Vijana wanaosoma kompyuta pale Iyunga hunipigia na swali moja: "Kaka, tuanze na aplikesheni au tovuti?" Mara nyingi salio linakata kabla hatujafika popote. Jibu langu lote liko hapa.

Nitatumia kikoba kama mfano mwanzo hadi mwisho, maana toka Tunduma mpaka Iringa mjini ni nadra kukosa mama, dada au mke aliyemo. Kikundi cha mama mdogo kina wanachama 27. Kila wiki wananunua hisa, wanalipa faini za kuchelewa, wanachangia mfuko wa jamii, wanakopa na kurejesha. Mwisho wa mwaka wanavunja na kugawana. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti. Ukiandika programu kwa ajili ya watu wa namna hii, kumbuka zile funguo. Walizigawa ili mtu mmoja asiweze kufungua peke yake. Programu inayomfanya katibu kuwa mtu pekee anayeona hesabu imewarudisha nyuma ya pale walipokuwa na daftari.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni simu iliyo mkononi mwa mtumiaji, na hapo namaanisha yule wa mwisho kabisa, mwenye kitochi. Cha pili ni fedha: kiasi cha kuanzia, na kile kinachokutoka kila mwezi hata kama hakuna aliyetumia. Cha tatu ni jioni zako, za kujenga na za kutunza, kwa kuwa mradi wa pembeni hula muda uleule wa watoto na usingizi. Cha nne ni siku umeme au mtandao ukikatika, jambo ambalo huku halihitaji maelezo.

Mambo mawili hayabadiliki kwa njia yoyote utakayochagua. Ukihifadhi majina, namba za simu na madeni ya watu, unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo chukua taarifa chache iwezekanavyo na uwaambie wenyewe unachukua nini. La pili, andika hesabu tu, usishike fedha zao. Kushika fedha za watu kunakupeleka kwenye leseni za Benki Kuu, na huo si mradi wa jioni tena. Waache walipane wenyewe kwa simu au kwenye sanduku, programu irekodi kilichotokea.

1. Menyu ya USSD

*Simu.* Hapa hakuna njia inayoishinda. Kila anayejua kubonyeza *150*00# ya M-Pesa anajua tayari kutumia kitu chako, hata kwenye kitochi chenye kioo kilichopasuka. Hahitaji bando, hahitaji kupakua, hahitaji nafasi kwenye simu. Bibi wa Isyesye aliyeishia darasa la nne alijifunza menyu yangu kwa dakika tatu, kwa sababu alishazoea kutoa hela kwa wakala.

Kwa upande wako wa msimbo, ni njia nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtu akipiga namba, mtandao wa simu unapeleka ombi kwa kampuni ya kati, nayo inaiita anwani ya seva yako, yaani kompyuta inayowaka muda wote kujibu maombi. Africa's Talking ya Nairobi, kwa mfano, inakutumia namba ya kikao, namba ya simu, na alichobonyeza kikiwa kimeunganishwa kwa nyota, kama 1*2*5000. Unajibu kwa maandishi yanayoanza na CON ukitaka mazungumzo yaendelee, au END ukitaka yaishe. Basi. Faili moja la PHP, lugha ya programu za seva, linatosha kuanza, na kuna uwanja wa majaribio usiolipiwa ambao unabonyeza menyu yako kwenye kompyuta kabla haijaenda kwa mtu yeyote.

Ugumu uko kwenye ufupi. Skrini moja ya USSD inabeba herufi 182, pamoja na nafasi. "Hisa 48. Mkopo 120,000. Umerejesha 80,000. Faini 1,000. Jamii 12,000." Hiyo inaingia vizuri. Orodha ya wanachama 27 haiingii, itabidi uigawe kwa kurasa, na kikao kikikaa muda mrefu mtandao unakikata. Seva yako nayo ijibu ndani ya sekunde chache. Ikisinzia, mtumiaji anaona ujumbe wa kosa na anaamini hesabu zake zimepotea.

Nikiwa hapo niseme la SMS, maana njia hizi mbili hutembea pamoja. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Kiswahili chetu kinaingia humo bila shida, mpaka siku utakaponakili neno kama "ng'ombe" kutoka kwenye waraka uliochapwa, ambako alama ile ya juu imepindwa na kompyuta. Alama iliyopindwa haimo kwenye seti ya kawaida ya herufi za SMS, kwa hiyo ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi inashuka mpaka herufi 70. Ujumbe mmoja unageuka mitatu, na unalipia mitatu. Ilinichukua wiki mbili kugundua kwa nini salio langu la SMS linaisha haraka kiasi kile. Badilisha alama hiyo iwe iliyonyooka kabla ya kutuma, kila mara.

*Fedha.* Hapa ndipo panapouma. Namba fupi zinasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ili menyu ifanye kazi kwenye mitandao yote inabidi ikubaliwe na kila mtandao. Wengi wetu tunakodi tawi kwenye namba ya pamoja ya kampuni ya kati, na kodi hiyo ni ya kila mwezi, apige mtu asipige. Kwa kawaida utaombwa pia nyaraka za biashara, TIN na usajili. Kijana anayejifunza anaweza kukwama hapo miezi.

*Jioni.* Chache za kuandika, chache za kutunza. Zinazoliwa ni za kufuatilia vibali.

*Kukatika.* Mtumiaji anahitaji mnara tu. Lakini seva yako haiwezi kukaa kwenye laptopu ya nyumbani inayozimika umeme ukiondoka; ikodi mahali.

*Inamfaa* mwenye watumiaji wengi wa kitochi, wanaouliza jambo fupi na kuondoka, na mwenye mtu wa kulipa kila mwezi: ushirika wa kahawa Mbozi, mradi wa wilaya, duka kubwa la pembejeo. Kwa wazo la funguo tatu ndiyo njia iliyo karibu zaidi, kwa kuwa kila mwanachama anaona salio lake mwenyewe bila kumwomba katibu.

2. Aplikesheni ya Android

*Simu.* Inataka simu janja yenye nafasi. Hilo la nafasi ni zito kuliko toleo la Android. Simu nyingi za bei ya chini zimejaa picha na video za WhatsApp, na siku simu ikilalamika kumbukumbu imejaa, aplikesheni inayofunguliwa mara moja kwa wiki ndiyo inayofutwa kwanza. Kama hesabu zilikuwa ndani ya simu tu, zimekwenda nayo.

*Fedha.* Akaunti ya msanidi ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja, ila kwa kadi inayokubali malipo ya nje. Baada ya hapo hakuna ada ya mwezi. Gharama iliyojificha iko upande wako: Android Studio inataka kompyuta yenye RAM ya GB 8 kwa uchache, na vifaa vyake vinavyopakuliwa vinahesabiwa kwa GB. Mwanafunzi anayeishi kwa bando la wiki atalimaliza usiku wa kwanza. Nenda maktaba ya chuo au mahali penye Wi-Fi, pakua kila kitu kwa mkupuo mmoja.

*Jioni.* Nyingi. Kotlin ndiyo lugha inayopendekezwa na Google tangu 2019; Flutter, inayotumia Dart, inakuruhusu kuandika mara moja kwa Android na iPhone. Zote mbili ni nzuri na sitakuchagulia. Hesabu zinakaa kwenye SQLite, ghala dogo la taarifa ndani ya simu. Mpaka hapo kazi ni ya kufurahisha kweli.

Baadaye linakuja swali la simu mbili. Katibu ameandika rejesho la shilingi 20,000 kwenye simu yake, mweka hazina ameandika rejesho hilohilo kwenye yake, wote wakiwa nje ya mtandao. Jioni simu zikikutana na seva, je, mama huyu amerejesha 20,000 au 40,000? Nilidhani ni jambo dogo. Lilinila miezi mitatu. Kilichonisaidia ni kuacha kuhifadhi "salio" na kuhifadhi kila tukio peke yake, likiwa na namba yake isiyojirudia, nani ameliandika na saa ngapi. Salio linakokotolewa kutoka kwenye matukio, na matukio mawili yanayofanana ndani ya kikao kimoja yanawekwa mbele ya watu wayathibitishe. Wale akina mama ndivyo walivyokuwa wakifanya kwenye daftari miaka yote: hawafuti mstari, wanaongeza mwingine. Ningewatazama vizuri mapema ningeokoa miezi hiyo.

Kisha kuna duka lenyewe. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kuwa na watu wa majaribio kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, sasa ni 12. Kila mwaka Google inapandisha kiwango cha Android ambacho aplikesheni inatakiwa kulenga, kwa hiyo hata usipoongeza kitu utairudia kila mwaka. Unaweza kukwepa duka na kutuma faili la APK, yaani aplikesheni yenyewe, kwa WhatsApp, lakini simu itamwonya mtumiaji kuhusu chanzo kisichojulikana, na mtu mwenye busara ataogopa kufungulia mlango kitu kinachogusa fedha zake. Ana haki ya kuogopa.

*Kukatika.* Hapa ndipo inapong'ara. Umeme wa mji mzima unaweza kwenda, mnara ukazimika, mko Umalila kwenye ukungu bila mtandao, na kikao kikaendelea kuandikwa mpaka mwisho.

*Inamfaa* anayerekodi kwa muda mrefu mahali pasipo mtandao: katibu wa kikundi, bwana shamba anayezungukia mashamba ya viazi na parachichi, anayepima mizigo sokoni. Na inamfaa sana kijana anayetafuta ajira ya kuandika programu za simu, maana kazi iliyo dukani inaonyeshwa kwa kidole.

3. Tovuti

*Simu.* Chochote chenye kivinjari. Ila jua watu wako wanafungua na nini. Wanaobana bando hutumia Opera Mini, ambayo katika hali yake ya kubana zaidi hupitisha ukurasa kwenye seva zake na kuendesha JavaScript (programu za ndani ya ukurasa) huko kwa mipaka mikali. Fomu inayotegemea JavaScript kwa kila kitufe itakufa mikononi mwao. Iandike kwanza ifanye kazi kwa HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa, mapambo yafuate. Na pima uzito: ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa MB 2 kwa sababu ya fonti na picha ya mlima Loleza niliyoipenda. Niliuondolea vyote ukabaki chini ya KB 40, na kwa mara ya kwanza wanachama wa Igawilo wakaacha kuniambia "haifunguki".

*Fedha.* Unaweza kuanza bila shilingi. Kurasa zisizobadilika zinakaa GitHub Pages bure. Cheti cha usalama unakipata bure kutoka Let's Encrypt. Ukihitaji kanzidata, yaani ghala la taarifa, utakodi seva ndogo au nafasi ya pamoja yenye PHP na MySQL, na jina la .co.tz la kulipia kila mwaka. Weka alama kwenye kalenda siku jina linapoisha.

*Jioni.* Za wastani, na ni jioni zenye amani. Ukikosea leo usiku unarekebisha leo usiku, asubuhi kila mtu ana toleo jipya. Hakuna duka la kuomba ruhusa.

*Kukatika.* Watu husema tovuti haifanyi kazi bila mtandao. Inaweza: skripti ya kivinjari iitwayo service worker huhifadhi kurasa kwenye simu, na maingizo hukaa kwenye kanzidata ya ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Ila si imara kama aplikesheni. Mtu akisafisha kivinjari, ambavyo havijatumwa vimeondoka.

*Inamfaa* anayeanza, na yeyote ambaye watumiaji wake wanaingia mara chache na hawataki kupakua: mkaguzi wa kikundi, mnunuzi wa mchele wa Kyela anayetaka kuona bei kabla ya kupanda gari, mzazi anayetazama ratiba ya shule.

4. Roboti ya mazungumzo

*Simu.* Simu janja, lakini kitu kipya hakipakuliwi. Mtumiaji anaandika "salio" na kujibiwa mahali pale pale anapochati na wanawe.

*Fedha na jioni* hapa nazitaja pamoja, maana zinategemea nyumba utakayoingia. Telegram ilifungua mlango wa roboti mwaka 2015 na hauna malipo: unazungumza na BotFather, roboti ya Telegram inayosajili roboti nyingine, unapewa ufunguo, na kwa mistari michache ya Python roboti yako inaongea jioni hiyohiyo. Inaweza hata kuendeshwa kwenye laptopu yako bila anwani ya kudumu, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayokwenda kuuliza kama kuna ujumbe. Sijui njia nyingine inayompa anayejifunza furaha ya haraka namna hiyo. Tatizo, akina mama wa Uyole hawako Telegram. Wako WhatsApp, na WhatsApp rasmi kwa programu ni mlango wa Meta, kampuni inayomiliki WhatsApp, wenye uhakiki na taratibu. Mtu akikuandikia, una saa 24 za kumjibu kwa uhuru. Ukitaka kuanza wewe, mfano kumkumbusha kikao cha kesho, unatumia kiolezo kilichokubaliwa na mara nyingi unalipia. Zipo maktaba zisizo rasmi zinazojifanya kuwa WhatsApp ya kwenye kompyuta. Usiziweke chini ya hesabu za watu: namba ikifungiwa, kikundi kizima kimefungiwa nje.

*Kukatika.* Bila mtandao hakuna kitu, ingawa ujumbe unasubiri na kufika baadaye.

*Inamfaa* mwenye kundi ambalo tayari linaishi kwenye mazungumzo: darasa la chuo, timu ya mpira, madereva wa bajaji wa kituo kimoja.

Ukiwa katika hali hii

Kabla ya kufungua kompyuta, nenda kikaoni. Kaa kwenye mkeka, subiri watoe simu, uzihesabu. Kwa mama mdogo zilikuwa janja 11 na vitochi 16, na namba hizo mbili zingenifundisha mengi kama ningezitafuta kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Ukiwa mwanafunzi na huna hela, na unataka kitu kimoja kilichokamilika kabla muhula haujaisha, anza na tovuti nyepesi, au roboti ya Telegram ikiwa watumiaji ni wanafunzi wenzako. Uzoefu wa kumaliza kitu na kukiona kinatumika hautaupata kwenye aplikesheni iliyofika nusu.

Ukitafuta kazi ya uandishi wa programu za simu, andika aplikesheni hata kama tovuti ingetosha, lakini chagua tatizo ambalo lina watu 12 wa kweli watakaokaa nawe siku 14.

Ukiwa na taasisi nyuma yako inayolipa, na wakulima wa vijijini Rungwe au Makete mbele yako, usipoteze muda na kitu kinachotaka bando. USSD, pamoja na SMS za uthibitisho.

Ikiwa una kazi ya kutwa na watoto wadogo, na jioni mbili tu kwa wiki, hesabu zaidi jioni za kutunza kuliko za kujenga. Tovuti na USSD zinasamehe ukizisahau miezi minne. Aplikesheni haisamehi.

Na ikiwa kikundi chako ni mchanganyiko kama kile cha Uyole, unaruhusiwa kuchanganya. Pale sasa katibu na mweka hazina wanaandika kwenye tovuti inayohimili kukatika kwa mtandao, kila mmoja kwa simu yake, na ingizo halikubaliki mpaka mtu wa tatu alithibitishe. Kikao kikiisha, kila mwanachama anapata SMS moja yenye hisa na deni lake. Mwenye kitochi anaisoma akiwa bado amekaa kwenye mkeka, na kama namba si yake anasema hapohapo, sanduku likiwa bado wazi.